Kalamu Sitini Zenye Nukta Yangu

Dada yangu akisema "hakuna shida," anza kutafuta shida iko wapi. Nimekuwa mdogo wake miaka arobaini na sita na mfanyakazi wake miaka kumi na tisa, na kanuni hiyo haijanidanganya hata siku moja. Jumatatu ile aliisema mara tatu kabla sijatua mkoba.

"Hakuna shida, mdogo wangu. Zitazame tu hizi. Hakuna shida."

Alikuwa amesimama kwenye meza yangu, ameshika kalamu mbili za kijani kutoka kwenye boksi nililolifunga mwenyewe Alhamisi. Nilivaa lenzi jichoni nikasogea dirishani. Kwenye mdomo wa kifuniko cha kwanza, pale pete ya shaba inapoishia, kulikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Ukigeuza kifuniko hivi hauonekani, ukikigeuza vile unang'aa. Pembeni yake kulikuwa na wa pili na wa tatu, yote ikipanda kuelekea kwenye kibanio. Nilipitisha ukucha juu yake na ukucha haukukwama popote. Kifuniko cha pili kilikuwa hivyo hivyo.

"Mikwaruzo tu hiyo," Dada alisema.

"Mkwaruzo unakaa juu. Hii iko ndani ya resini. Hizi ni nyufa, Dada."

Aliweka kalamu mezani polepole, kana kwamba upole ungesaidia kitu wakati huo.

Niseme kazi yetu ilivyo, mtu asije akadhani tuligombania upuuzi. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo, na humo tunatengeneza kalamu za kujaza wino, mwili wa resini, ile plastiki ngumu inayong'aa, na nibu ya chuma, yaani ncha ya kuandikia. Tuko watano. Dada ndiye mwenye karakana. Mkerezaji, ambaye hushika fimbo ya resini, akaitoboa, akaikereza kwenye mashine mpaka ikawa kalamu, tunamwita Taratibu, na aliyempa jina hilo hakukosea. Mtu wa miaka sitini na moja, hajawahi kukimbia hata akinyeshewa. Wapo dada wawili wa kufungasha, mapacha, ambao ukimuuliza mmoja anajibu mwingine. Na mimi ni mkaguzi wa mwisho. Wananiita Jicho, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka nalo.

Kalamu ikifika kwangu naitazama yote kwa lenzi, naifuta, kisha nachukua sindano iliyopata moto na kuichoma nukta moja ndogo chini ya kibanio. Nukta hiyo naitia mimi peke yangu. Maana yake tuliiandika kwenye kila boksi: kalamu yenye nukta ikiharibika bila kudondoshwa, tunaitengeneza bila maswali, hata ikirudishwa na mjukuu wa aliyeinunua. Kwa miaka kumi na tisa zilikuwa zimerudi kumi na moja, na kila moja ninaikumbuka.

Sasa tulikuwa na oda ya chuo cha wakunga. Kalamu mia moja na ishirini, moja kwa kila mhitimu, sherehe yao Jumamosi. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Sitini nilikuwa nimeshazikagua, kuzifuta, kuzitia nukta na kuzifunga. Sitini nyingine zilikuwa bado kwenye trei, zikisubiri zamu yao mezani kwangu.

Tulifungua maboksi yote. Katika zile sitini zenye nukta yangu, arobaini na tatu zilikuwa na nyufa, nyingine kwenye mdomo wa kifuniko, nyingine shingoni pale nibu inapokazwa. Kwenye trei hakukuwa na hata moja yenye ufa. Nilizipitia mara mbili, mpaka jicho likaanza kutoa machozi.

"Umeona?" Dada alisema. "Sitini za kwanza. Taratibu alizikereza lini hizo? Wiki ile aliyokuja na bandeji kidoleni."

"Kidole hakikati resini. Kisu ndicho kinakata, na kisu alikinoa mbele yangu."

"Mtu wa miaka sitini na moja, kidole kimefungwa, anakaza kupita kiasi, resini inaumia. Hilo linahitaji lenzi?"

"Linahitaji ushahidi."

"Ushahidi ndio huo umeushika."

Alimwita Taratibu kwenye kile kichumba chake anachokiita ofisi. Mlango wake haufungi vizuri na wote tunajua, yeye mwenyewe akiwamo. Tulisikia kila neno. Alimwambia mikono yake imechoka, imezeeka, hakuna aibu katika kuzeeka, amalize kazi ya wiki na Ijumaa iwe siku yake ya mwisho. Taratibu aliuliza swali moja tu, kama alikuwa ameziona nyufa zenyewe zinaanzia wapi. Dada akasema hayo si ya kumuuliza yeye.

Alitoka, akarudi kwenye mashine, akaketi. Hakuiwasha. Aliinua mikono yake akaitazama, wa kulia kisha wa kushoto, akaitazama tena. Mapacha waliinamisha vichwa. Mimi nikaapa kwamba Ijumaa haitafika na mtu huyu ameangushiwa jumba bovu.

Ukweli ni kwamba mshitakiwa nilikuwa nimeshampata. Resini ikishakerezwa inakuwa imejikaza, umeiviringisha kwa nguvu, umeichimba meno ya skrubu, imepata moto wa kisu ikapoa ghafla. Ukiiacha hivyo inabaki na manung'uniko yake ndani. Kwa hiyo tangu karakana ianze tulikuwa tunazilaza. Ndivyo tunavyoita: kalamu zinawekwa kwenye oveni yenye joto dogo, mchana mmoja na usiku mmoja, kisha zinaachwa zipoe humo humo bila kufungua mlango. Oveni yetu inabeba kalamu thelathini. Oda ya wakunga ilipokuja, Dada alipiga hesabu ya siku akaona hazitoshi, akatangaza kwamba oda hii hatulazi. Nilipinga. Akasema hakuna shida.

Sasa unaelewa nilivyoingia Jumanne nikiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi kabla hakimu hajakaa. Nilichukua vifuniko vinne vya mwaka jana, vilivyolazwa, ambavyo tulivikataa kwa sababu ya rangi tu. Nikachukua vinne vya ziada vya oda hii, ambavyo havikulazwa. Nilikusudia kuvifanyia vyote sawasawa, kama ninavyofanya kila siku: kubana pete, kukagua, kufuta, kuweka kwenye boksi. Visivyolazwa vikipasuka, nimeshamaliza. Ningemwekea Dada mezani na kuketi kumtazama uso.

Nilifuta vile vinne vilivyolazwa kwa spiriti. Nikafuta viwili visivyolazwa, na chupa ikaisha. Pacha mmoja alikuwa ameenda dukani kuleta nyingine na sikutaka kusubiri, kwa hiyo viwili vya mwisho nikavifuta kwa maji ya sabuni, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Sikulifikiria hata kidogo. Niliandika namba ndani ya kila kimoja nikavifungia.

Jumatano mchana nilifungua. Vilivyolazwa vilikuwa salama. Visivyolazwa, viwili vilikuwa na nyufa mdomoni, safi kabisa, kama zile za Jumatatu. Na viwili havikuwa na kitu.

Nilitazama namba. Nikatazama tena. Vilivyopasuka ni vile nilivyofuta kwa spiriti.

Nilivua lenzi nikaiweka mezani. Spiriti niliileta mimi. Hakuna aliyeniagiza. Miezi minane iliyopita nilichoka na maji ya sabuni, ambayo yanaacha alama yakikauka na inabidi ufute mara mbili. Spiriti inaondoa alama za vidole mara moja na kukauka yenyewe. Nilijipongeza. Nilimwonyesha Dada, akanisifu mbele ya wote, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima. Kalamu za oda zilizotangulia zilikuwa zimelazwa, zikaivumilia. Hizi za wakunga hazikulazwa, na nilipozifuta spiriti ikaingia mle resini ilipojikaza na kuipasua polepole, saa kadhaa, pengine siku nzima, baada ya mimi kusema zimepita. Nilikuwa nazikagua nzima, nazipasua kwa kitambaa changu mwenyewe, kisha nazitia nukta.

Ndiyo maana za kwenye trei hazikuwa na ufa. Zilikuwa hazijafika kwangu. Kitu hicho kilikuwa mbele ya pua yangu tangu Jumatatu, na mimi ndiye ninayeitwa Jicho.

Sitajifanya mtakatifu. Alhamisi asubuhi, baada ya kurudia jaribio na kupata jibu lile lile, nilikaa na vifuniko vile nikawaza kuondoa vile viwili vya sabuni. Ningebaki na vya kulazwa ambavyo ni vizima na visivyolazwa ambavyo vimepasuka. Huo ungekuwa ukweli, au nusu yake, na nusu ilitosha kumwokoa Taratibu. Dada angebeba mzigo wote, spiriti ningeimwaga chooni, na hakuna ambaye angejua. Nilivishika vile viwili mkononi kwa muda. Kisha nikawaza nukta zangu sitini, na nikajionea kinyaa.

Nilimwendea Taratibu kwanza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikujiona wa kuketi.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe."

"Kidole hakihusiani."

"Hakihusiani hata kidogo, kaka."

Alitazama chini. "Nilikuwa nimeshaanza kuamini," alisema. "Jana nilikereza kipande nikakitupa, nikakereza kingine nikakitupa. Nilikuwa naisikiliza mikono kama mgonjwa." Kisha akainua uso, na hakuwa mpole. "Miezi minane unapaka spiriti kwenye kazi yangu, wala hukuniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ungeniuliza ningekwambia. Miaka thelathini nafanya kazi na resini. Hata mkono wenye manukato siishikii, yana spiriti."

Alisema anataka jambo hili lisemwe palepale liliposemwa lile la kwanza, yaani masikioni mwa watu wote. Nikamwambia litasemwa.

Dada nilimkuta amekaa na mapacha, mbele yao kopo la nta. Walikuwa wanasugua nta kwenye nyufa, wanafuta, wanang'arisha kwa kitambaa cha pamba. Inafanya kazi. Nta inajaza ufa na mwanga haukamatwi tena. Kwa mwezi mmoja, labda miwili, hutaona kitu, kisha joto la mfuko linaiyeyusha na ufa unatoka umekua. Kifuniko chenye ufa kinaingiza hewa, na nibu inakauka kila unapoihitaji. Baadaye kinapasuka chote.

Nilimwekea vifuniko vinane mezani na kumweleza. Nilianza na kosa langu ili asipate pa kuniponyokea. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasukuma vifuniko pembeni.

"Kesho saa nne Mkunga Mkuu anakuja kuchukua," alisema. "Hizi zinazibwa. Zile sitini za kwenye trei zifute kwa sabuni, zitie nukta. Tutalaza oda zinazokuja. Umejifunza, nimejifunza, basi."

"Na Taratibu?"

"Kalamu zikirudi lazima kuwe na maelezo. Maelezo ndiyo hayo."

"Hayo si maelezo, ni mtu."

"Mdogo wangu, oda hii ikivunjika tunafunga mlango. Sote watano. Unataka watano tuanguke kwa ajili ya mmoja?"

"Wanaostahili kuanguka ni wawili. Mimi na wewe."

Alivua miwani. Akivua miwani ujue anaenda kuchimbua mizizi. "Nimekulea mimi," alisema. "Mama alipoondoka ulikuwa na miaka tisa. Nimekuvisha, nimekusomesha, nimekupa kazi. Leo nakuomba nukta sitini, unaninyima?"

"Umenilea wewe, ndiyo maana kichwa changu kigumu. Ungetaka mtu laini ungenipeleka kwa shangazi."

Pacha mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Dada hakucheka. Alisema nisipotia nukta ataitia mwenyewe, sindano ni sindano. Nikamwambia aitie, na mimi nitasimama pembeni nikimhesabia. Kisha nikatoka kabla sijaanza kulia, maana mimi nikikasirika sana macho yanajaa na watu wanadhani nimelainika.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano Mkunga Mkuu aliingia. Mwanamke mfupi, viatu bapa, saa imebanwa kifuani. Aliwasalimia wote mmoja mmoja, akamfikia hata Taratibu aliyekuwa kwenye mashine hatua sita kutoka kwetu. Alitueleza kwa nini alitaka kalamu na si kitu kingine: kila mkunga ana daftari ambalo anaandika kila mtoto aliyempokea, na yeye mwenyewe ameandika la kwake kwa kalamu moja miaka ishirini na saba. Alitaka wasichana wake waanze na kitu ambacho hakitawaacha.

Dada alikuwa amevaa vizuri. Maboksi yalikuwa yamepangwa, sitini zenye nukta yangu upande huu na sitini za kwenye trei, ambazo sikuzitia nukta, upande ule. Alizungumza kwa sauti ya asali, na nilijua anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kisha akafika pale alipopaogopa.

"Niwe mkweli kwako, mama," alisema. "Kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi. Tumeishughulikia. Fundi aliyehusika tumeshamwondoa, leo ni siku yake ya mwisho."

Mashine ilizimwa. Hakuna aliyegeuka, lakini wote tulijua nani ameizima na kwa nini.

Nilisimama. "Mama, usizichukue hizi," nilisema.

"Kaa chini," Dada alisema kwa kunong'ona.

"Sikai. Mama, nipe dakika tatu, kisha ukitaka kuzichukua nitakubebea mwenyewe hadi nje."

Mkunga Mkuu alitutazama kwa zamu, mimi na dada yangu, halafu akaketi. Nilifungua boksi moja la zile zilizozibwa nta. Nikajaza wino kwenye kalamu, nikampa. Nikamwomba aifungue na kuifunga kama anavyofanya wodini, mtoto analia, muuguzi anaita, hana muda wa kubembeleza kitu. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga, mkono wake una nguvu kuliko unavyoonekana. Mara ya tano kulitoka mlio mdogo. Kifuniko kilifunguka ubavuni kutoka mdomoni hadi kwenye kibanio, na pete ya shaba ikadondoka na kubingirika chini ya meza.

Dada alifumba macho.

Nikamweleza mama yule kila kitu, kwa maneno machache. Kwamba kalamu zilitakiwa kulazwa na hazikulazwa. Kwamba mimi nilizifuta kwa spiriti, na hakuna aliyenituma. Kwamba kosa moja lisingetosha kuzipasua bila lingine, lakini yote mawili tuliyafanya. Kwamba arobaini na tatu zimepasuka na kumi na saba nyingine sitaziamini hata zikionekana nzima. Kwamba sitini za upande ule hazina ufa na zinaweza kuokolewa, ila si leo. Kwamba yule anayeondolewa ndiye pekee chumbani humu ambaye hakukosea kitu.

"Nani aliamua zisilazwe?" Mkunga Mkuu aliuliza.

Nilitaka Dada aseme mwenyewe. Nilimngoja. Alikuwa anatazama kifuniko kilichopasuka.

"Dada yangu," nilisema. "Huyu hapa."

Mkunga Mkuu alijifuta vidole vilivyoingia wino. Hakuwa na furaha, na hakuna sababu ya kusema alitukumbatia. Alisema kesho atasimama mbele ya wahitimu mia moja na ishirini na wazazi wao, na kwenye meza ya zawadi hakutakuwa na kitu, na sisi ndio tuliomfanyia hivyo. Alisema nusu hachukui, hawezi kuwagawa wasichana wake. Akauliza zote mia moja na ishirini, zikiwa zimefanywa inavyotakiwa, zitakuwa tayari lini.

"Wiki tatu," Dada alisema haraka.

"Sikukuuliza wewe." Aligeuka kwenye mashine. "Namuuliza baba pale."

Taratibu alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba pacha mmoja alianza kung'ata kucha. "Wiki tano," alisema.

Nilidhani Dada atazimia. Mkunga Mkuu aliandika kwenye kitabu chake kidogo, akarudia, "Wiki tano," akasema siku hiyo atakuja na tochi na lenzi yake. Akaaga, akatoka.

Mlango ulijifunga. Kisha Dada akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Umenivua nguo mbele ya mteja."

"Nilianza kujivua mwenyewe. Wewe ulikuwa wa pili."

"Toka. Chukua vitu vyako utoke, na usirudi hapa tena."

Nilimwona Taratibu akianza kufungua kamba za aproni yake. Anafanya kila kitu polepole, kwa hiyo nilipata nafasi. "Kaa, kaka," nilimwambia. "Sikusumbuka wiki nzima ili tufukuzwe wawili." Alibaki ameshika kamba. Kisha akazifunga upya, akaketi na kuwasha mashine.

Mimi nilivuta kiti changu nikakaa. Nikajisogezea zile sitini zangu, nikaanza kutoa nibu, moja baada ya nyingine, maana nibu zilikuwa nzima.

"Umesikia nilichosema?" Dada aliuliza.

"Nimesikia. Umenifukuza. Sasa nipishe kwenye mwanga, nina kazi ya wiki tano."

"Nitaita mtu akutoe."

"Mwite. Mwambie aje na mwenzake, mimi mzito." Nilitoa nibu nyingine. "Dada, ukinitoa leo kesho nitakuwa mlangoni. Utanifukuza kesho, Jumatatu nitakuwa hapa. Kosa langu nimelisema mbele ya mgeni na sikufa. La kwako bado liko nusu. Ulimwambia mtu mikono yake imezeeka, mlango wazi, tukasikia sote."

Dada alisimama pale kwa muda ambao nilitoa nibu nane. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini mkono wake mmoja ulikuwa unafungua na kufunga kifungo cha blauzi, jambo alilokuwa akifanya tangu tukiwa watoto akiogopa kitu. Nilimhurumia. Nilimhurumia sana, na sikumpunguzia hata kidogo.

Mwishowe alitembea. Alipita meza ya mapacha, akapita oveni, akafika nyuma ya Taratibu. Mashine ilikuwa inanguruma na vumbi la kijani lilikuwa linaruka. Aliinama kidogo akasema kitu begani pake. Niliona midomo ikitembea, sikusikia neno.

Taratibu alizima mashine. Aligeuka, akaweka kiganja sikioni. "Unasemaje, mama?"

Dada alinitazama mimi, nami nikamtazama. Kisha akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ambayo hata duka la vioo lazima liliisikia.

"Nimesema nilikosea. Mimi ndiye niliyekataza kulaza. Mikono yako haina kosa lolote, na sikupaswa kusema nilivyosema. Nisamehe."

Taratibu alitikisa kichwa kukubali, akafuta vumbi kwenye kisu kwa kidole gumba.

"Nilisikia mara ya kwanza," alisema. "Nilitaka na wao wasikie."

Akawasha mashine.